Nani Alikuita Boi?



Katika mikutano yetu tunazungumza sana juu ya shilingi, na ni haki, maana shilingi ndiyo inayonunua unga. Lakini leo nataka tuzungumze juu ya kitu kingine ambacho tajiri hukupa siku ya kwanza, kabla hujapokea hata senti moja, na ambacho hatukitii katika orodha ya madai yetu. Kitu hicho ni jina. Sisemi jina ulilopewa na wazazi wako. Nasema jina la kazini: boi, kibarua, msichana, mwanagenzi, mshirika. Majina haya tunayaitikia kila siku kama kwamba tulizaliwa nayo.

Wako wanachama watakaosema, "Jina haliliwi. Achana na maneno, tafuta nyongeza." Nawajibu kwamba jina ndilo mlango ambao mshahara hupitia, na mlango ukifanywa mdogo, mshahara mkubwa hauwezi kuingia. Nitawaonyesha kwa mambo yaliyotokea kweli, hapa kwetu na kwingine.

Tuanze na boi. Neno hili ni la Kiingereza na maana yake ni mtoto wa kiume. Wakati wa ukoloni Mzungu alimwita hivyo mtu mwenye mvi, baba wa watoto saba, mzee ambaye kwao watu hawakukaa kitini mpaka yeye aketi. Mpishi alikuwa boi, dobi alikuwa boi, mtunza bustani alikuwa shamba boi, na jina hilo la mwisho mpaka leo linaitwa mchana kweupe katika mitaa yenye nyua ndefu, na wanaoliita si Wazungu tena.

Wengine hudhani lilikuwa tusi tu, tena tusi la mdomoni lisilovunja mfupa. Hapana. Fikirini mtoto ana haki gani. Mtoto hahitaji nyumba ya kukaa na mke, maana mtoto hana mke. Mtoto hahitaji akiba ya uzeeni. Mtoto hupewa posho ya unga na maharagwe na mahali pa kulala, naye ashukuru. Mtoto akikosa hupigwa kofi, na majirani husema anafunzwa adabu. Basi ukitazama hesabu ya mishahara ya miaka ile utaona ilifuata jina hilo hilo. Mfanyakazi Mwafrika wa mjini alilipwa kama mtu asiye na jamaa, na iliaminiwa kwamba mke na watoto watalishwa na shamba huko nyumbani. Ilikuwa mpaka 1954 ndipo kamati ya Serikali yenyewe, ile iliyoitwa Kamati ya Carpenter, iliposema kwamba mshahara huo wa kapera haufai, na kwamba mfanyakazi alipwe kiasi cha kutunza jamaa. Kamati ilihitajika ili kugundua kwamba boi ana mke!

Tena angalieni ujanja wake. Kijana wa Kiafrika akifika miaka 16 alihesabiwa mtu mzima wa kulipa kodi ya kichwa na wa kubeba kipande. Siku ya kodi alikuwa mtu mzima. Siku ya mshahara alikuwa mtoto. Mtu yule yule, na mwezi ule ule.

Na kipande nacho kilikuwa jina, ila kilikuwa jina la chuma. Sheria yake ilitungwa 1915 na ikaanza kushika kazi baada ya Vita Kuu ya kwanza, 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika alipaswa kuwa na karatasi yenye jina lake, alama za vidole vyake, majina ya matajiri aliowafanyia kazi, mshahara alioupata, siku aliyoanza na siku aliyotoka. Karatasi iliwekwa katika kijaluba cha chuma, na kijaluba kilining'inizwa shingoni kwa kamba. Wakikuyu walikiita mbugi, yaani kengele ya mbuzi. Hawakuhitaji kusoma vitabu vikubwa ili kujua maana ya kitu kile. Mwenye kuvaa kengele ana mwenyewe anayemtafuta.

Tajiri alipaswa kutia sahihi katika kipande unapotoka kazini. Asipotia, wewe ni mtoro, na mtoro hukamatwa na polisi. Kwa hiyo mtu alivumilia njaa na matusi, si kwa sababu alipenda kazi ile, bali kwa sababu ya sahihi ya kalamu katika karatasi iliyo shingoni mwake. Matajiri walisema, "Angalieni, hawa wameridhika, hawaondoki." Wangeondokaje?

Hapa nataka tusimame kidogo kwa lugha yetu wenyewe. Kwa Kiswahili, mtu akipata kazi husema "nimeandikwa." Akiipoteza husema "nimefutwa." Sisi tunayasema maneno haya bila kufikiri, lakini yasikilizeni vizuri. Kuandikwa ni jambo linalofanywa na mwenye kalamu. Kufutwa pia ni jambo linalofanywa na mwenye kalamu. Aliyeandikwa yuko wapi katika neno hilo? Amelala juu ya karatasi, anangoja. Sisemi tuyaache maneno haya, ni ya kwetu na yamezoeleka. Nasema tu kwamba mtu aliyezoea kujiona kama mstari katika daftari la mwingine atakuja katika mkutano wa chama akiwa na hofu ya raba, na sisi viongozi wa matawi tutashangaa kwa nini hasemi.

Watu wa 1922 hawakukubali kuwa mstari. Harry Thuku alikuwa mfanyakazi wa simu katika ofisi ya Hazina ya Serikali mjini Nairobi, na chama chake cha East African Association kilipinga kipande, kodi, na mpango wa walowezi wa kupunguza mishahara. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Watu wakakusanyika mbele ya kituo cha polisi, na tarehe 16 walipigwa risasi. Serikali ilisema waliokufa ni 21. Wengine walihesabu zaidi ya hao sana. Mmoja wa waliouawa alikuwa mwanamke, Muthoni Nyanjiru, ambaye aliwaaibisha wanaume kwa kuwaambia wampe suruali zao naye awape nguo yake. Hata hapo mtaona kwamba lililowatia watu mwendo lilikuwa ishara. Walioelekezewa bunduki walikuwa wameanza kurudi nyuma. Nguo moja iliyoinuliwa juu iliwarudisha mbele. Shilingi haikutajwa dakika ile.

Kipande cha shingoni kilikwisha rasmi baada ya sheria ya 1947 ya kuandikisha watu wa rangi zote. Na hapo pana kichekesho ambacho wazee wetu walikifurahia. Sheria mpya ilitaka kila mtu atoe alama za vidole, Mzungu pia. Wazungu wakapiga kelele kwamba wanadhalilishwa, kwamba alama za vidole ni za wahalifu. Kwa miaka karibu 30 Mwafrika alikuwa amezitoa na hakuna aliyesema ni udhalilishaji. Serikali ikalegea, na mwenye kujua Kiingereza akaweza kutoa picha na sahihi yake badala ya vidole. Wino ni ule ule, kidole ni kile kile. Lakini walijua vizuri sana kwamba ishara humwambia mtu yeye ni nani, nao hawakutaka kuambiwa hivyo.

Neno lenyewe halikufa. Mpaka leo wengi wetu tukienda kuchukua kitambulisho tunasema tunaenda kuchukua kipande.

Sasa tazameni jinsi wafanyakazi wanavyoweza kujipa jina wenyewe. Januari 1947, Mombasa, wafanyakazi wapatao 15,000 waliweka chini kazi, bandarini, relini, mahotelini, hata majumbani. Mji ulinyamaza kwa karibu wiki mbili. Kila siku walikutana katika uwanja, na uwanja huo waliuita Kiwanja cha Maskini. Hawakuuita kiwanja cha makuli, wala kiwanja cha maboi, wala cha Wajaluo au cha Wamijikenda. Mchukuzi wa bandarini aliyelipwa kwa siku, karani mwenye tai, na mpishi wa Mzungu hawakuwa wamewahi kuketi pamoja, maana kila mmoja alikuwa na jina lake la kazi, na majina hayo yalikuwa na madaraja kama ngazi. Lakini neno maskini lilikuwa na nafasi ya wote. Hapo ndipo chama cha African Workers Federation kilipopata nguvu, na Chege Kibachia akawa kiongozi wake. Serikali ilipomkamata Agosti mwaka ule na kumpeleka mbali, ilikuwa imeelewa kwamba kuwagawa tena watu wale kungekuwa kazi ngumu maadamu yupo.

Mimi naona hilo ni funzo kubwa kuliko hotuba nyingi. Wale watu hawakubadilika damu katika siku 12. Kilichobadilika ni neno walilojiitia, na kwa neno lile mpishi akaona aibu kumpikia bwana wake chai wakati mchukuzi anakaa na njaa.

Msidhani jambo hili ni la Afrika peke yake. Marekani, katika mji wa Memphis, wachukuzi wa takataka walikuwa karibu wote watu weusi, na wao pia waliitwa boi na wasimamizi wao, hata mwenye miaka 60. Tarehe 1 Februari 1968 wafanyakazi wawili, Echol Cole na Robert Walker, walijikinga mvua ndani ya lori la taka, na mashine ya kukandamiza taka ikajiwasha na kuwaua. Tarehe 12 Februari watu wapatao 1,300 waligoma. Walikuwa na madai ya pesa na ya usalama na ya kutambuliwa kwa chama chao, yote ya haki. Lakini waliposhika mabango barabarani, bango lililoenea duniani halikuwa na bei wala asilimia. Lilikuwa na maneno manne tu ya Kiingereza, yanayosema: Mimi ni mwanamume, mtu mzima. Lilikuwa jibu kwa neno boi. Martin Luther King alikwenda kuwasaidia, na huko huko Memphis aliuawa tarehe 4 Aprili. Tarehe 16 Aprili mji ulikubali kukitambua chama na kukata michango ya wanachama katika mishahara.

Bango lile kwa Kiswahili tungeliandika "Mimi ni mtu," na mama mfagizi angeweza kulishika pia. Hapo lugha yetu imeishinda yao.

Nitoke katika mambo ya zamani niingie katika yale yanayotuuma sasa. Kubwa ni kibarua.

Neno hili ni barua ndogo, cheti. Pwani ya zamani, Unguja na Mombasa, aliyeitwa kibarua alikuwa mtu aliyefanya kazi ya siku kwa cheti, na wengi wa watu hao walikuwa watumwa ambao mabwana wao waliwatoa mjini wakafanye kazi kwa ujira, kisha sehemu ya ujira ikarudi kwa bwana. Utumwa ulikomeshwa kisheria Unguja 1897 na katika pwani ya Kenya 1907. Cheti kilibaki. Jina la karatasi likawa jina la mtu, na mpaka leo mtu akifukuzwa tunasema kibarua kimeota nyasi. Tunacheka tukisema hivyo, na mwenzetu analala njaa.

Je, kibarua ni nani? Tajiri atakwambia kibarua ni mtu yeyote asiye na barua ya ajira, hata kama amefagia kiwanda kile kile miaka 6. Lakini Sheria ya Ajira ya 2007 haisemi hivyo. Inasema kibarua ni mtu ambaye masharti yake ni kulipwa mwisho wa kila siku, na ambaye hakuajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Basi. Kifungu cha 37 kinaendelea: kibarua akifanya kazi siku mfululizo ambazo jumla yake ni mwezi mmoja au zaidi, au akipewa kazi ambayo haitazamiwi kwisha kabla ya miezi 3, atahesabiwa mfanyakazi wa kulipwa kwa mwezi, na hawezi kuondolewa bila notisi ya siku 28 kwa maandishi. Na aliyefanya kazi miezi 2 mfululizo au zaidi tangu siku ya kwanza ana haki ya masharti yote ambayo angekuwa nayo kama hangeanza kama kibarua.

Someni tena. Maana yake ni kwamba maelfu ya watu wanaoitwa vibarua nchini hii si vibarua. Sheria imewavua jina hilo, lakini mdomo wa msimamizi bado unawavisha, na wao wenyewe wanaitika. Nimesimama langoni kwa kiwanda kimoja ambacho sitakitaja. Wafanyakazi wa kudumu wanaingia kwa majina, kila mmoja na kadi yake yenye picha. Vibarua wanahesabiwa kwa kuguswa bega, moja, mbili, tatu, mpaka idadi itoshe, na waliobaki wanaambiwa warudi kesho. Ovaroli za hawa ni rangi ya buluu, za wale hazipo kabisa. Vikombe vya chai ni mbalimbali. Niliuliza mama mmoja aliyeguswa bega amekuwa hapo muda gani. Akasema, "Mimi ni kibarua tu, ndugu yangu, tangu mtoto wangu akiwa chekechea." Mtoto huyo sasa yuko kidato cha pili.

Ni lile neno "tu" lililonichoma. Mama yule hakukosa akili. Aliweza kuniambia mashine ipi itaharibika wiki ijayo kwa sauti yake. Lakini nilipomwambia habari ya kifungu cha 37 alinijibu kwamba sheria hiyo ni ya wafanyakazi. Yeye alijihesabu kitu kingine. Ndivyo jina linavyofanya kazi yake hata msimamizi akiwa amelala. Haina haja kumkataza mtu haki yake ikiwa umemfundisha jina ambalo halina haki ndani yake.

Tena liko dogo la kuwaambia watu wa kudumu, na wasikasirike. Ile ovaroli ya buluu imewafanya mjione mnafanana zaidi na ofisi kuliko na yule aliyeguswa bega. Wako wanaosema kibarua hawezi kuingia katika chama. Waliosema hivyo ni tajiri kwanza, ninyi mkarudia.

Neno jipya zaidi ni mwanagenzi. Kwa Kiswahili mwanagenzi ni mtu anayejifunza kazi, bado hajaijua. Ni neno zuri kwa kijana anayeshika msumeno mara ya kwanza. Lakini Serikali ilichukua walimu wenye shahada na namba ya usajili, wakapelekwa kufundisha sekondari ya chini, darasa zima, kipindi kizima, kusahihisha na yote, wakaitwa wanagenzi na kupewa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Aprili 2024 Mahakama ya Ajira iliamua kwamba kuwachukua hivyo walimu 46,000 hakukuwa halali, na tume ikakata rufani. Mwaka ule ule madaktari waligoma siku 56, tangu Machi mpaka Mei, na mojawapo ya mambo makubwa lilikuwa madaktari wanagenzi, ambao mkataba wa chama uliwapa kama shilingi 206,000 na Serikali ikataka kuwapa 70,000. Ilikuwa mwisho wa 2024 ndipo Serikali ilipokubali kufuata mkataba. Hesabuni tofauti yake: ni shilingi 136,000 kwa mwezi kwa kila daktari. Mgonjwa anayeshonwa saa nane ya usiku hashonwi nusu kwa sababu anayemshona ni mwanagenzi. Kilichopunguzwa si kazi, ni jina, na jina likaburuta pesa.

Sasa yupo ndugu atakayesema, "Vizuri, basi tudai majina mazuri." Pole pole. Matajiri wa siku hizi wamekuwa wajanja kuliko baba zao. Wamegundua kwamba jina zuri ni rahisi kuliko shilingi. Utaitwa mwanafamilia: "Sisi hapa ni familia moja." Familia hiyo ukiugua hukutana nayo? Au utaitwa mshirika, kama madereva wa teksi za simu, ambao kampuni ilisema ni wafanyabiashara huru washirika wake, wala si wafanyakazi. Huko Uingereza madereva wa Uber walikwenda mahakamani, na tarehe 19 Februari 2021 Mahakama ya Juu iliamua kwamba ni wafanyakazi wenye haki ya mshahara wa chini na likizo ya malipo, hata kama karatasi zao ziliwaita vingine. Majaji walitazama nani anayepanga nauli, nani anayeweka masharti, nani anayeweza kumwadhibu dereva anayekataa abiria. Mshirika asiyepanga bei ni mshirika wa nini?

Kwa hiyo mimi siombi tupewe majina matamu. Boi lilikupunguza ili ulipwe kidogo; mshirika linakukuza ili usilipwe likizo. Yote mawili yanatoka katika kalamu moja. Ninachotaka ni jina linalosema kweli juu ya kazi unayoifanya.

Kuna neno jingine la kwetu linalonifanya nifikiri. Mtumwa, mtumishi, na mtume, yote matatu yametoka katika kutuma. Mtume ametumwa na Mungu, na hakuna aliye juu yake kwa heshima. Mtumishi wa umma huandika jina hilo kwenye mlango wa ofisi yake kwa fahari. Mtumwa ndiye aliyetumwa bila ridhaa na bila ujira. Basi kutumwa si aibu yenyewe. Swali ni nani anayekutuma, kwa masharti gani, na kama unaweza kukataa. Na upande wa pili, sisi twamwita mwenye kazi "tajiri," nami nimemwita hivyo katika ukurasa huu wote kwa kuwa ndiyo desturi yetu. Lakini neno la sheria ni mwajiri, yaani mtu aliyetoa ajira na kwa hiyo ana deni la ujira. Ukimwita mtu tajiri umekwisha kukubali kwamba mali ilikuwa yake kabla hujaja. Ukimwita mwajiri umemkumbusha kwamba kuna mkataba. Katika barua zote za tawi ningependa tuandike mwajiri. Mdomoni semeni mtakavyo.

Nimeacha jambo la nyumbani mwisho kwa sababu najua litaudhi. Wanachama wengi wa chama hiki, waume kwa wake, wana mtu anayewapikia na kuwalelea watoto ili wao waweze kuja kazini na mkutanoni. Anaitwaje? Msichana. "Msichana wangu ameenda kwao." Msichana huyo ana miaka 41 na ana binti aliyeolewa. Vijana wa mjini wanamwita mboch. Sisi ambao babu zetu waliitwa boi tumeligeuza neno lile kuwa la kike tu, na hesabu yake tumeichukua nzima: posho, mahali pa kulala, na shukrani. Juni 2011 huko Geneva, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 189, na jina la watu hawa ndani yake ni wafanyakazi wa nyumbani. Amri za mishahara za Kenya nazo zinamhesabu pamoja na mfagizi, mtunza bustani, yaya na tarishi: kwa Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru amri ya 2024 iliweka shilingi 16,113 na senti 75 kwa mwezi, bila kuhesabu nyumba. Mwanachama anayepiga kelele mkutanoni juu ya kibarua, na nyumbani analipa 7,000, achague mahali pa kuketi.

Yule mama ana jina. Watoto wako wamwite mama fulani, au shangazi, au dada, kama wanavyowaita wakubwa wengine. Utashangaa jinsi itakavyokuwa vigumu, baada ya mwezi mmoja wa kumwita hivyo, kumkata mshahara kwa sababu ya sahani iliyovunjika.

Kazi ya mwezi huu kwa kila tawi ni hii. Wawakilishi waende kwa wale wanaoguswa bega, si kungoja waje. Kila mmoja apewe daftari la mazoezi, na aandike humo kila siku tarehe, saa aliyoingia, saa aliyotoka, kazi aliyofanya, na pesa aliyopokea. Asiyejua kuandika amwambie mtoto wake aandike. Mwajiri mjanja humsimamisha mtu siku mbili tatu mwisho wa mwezi kisha akamrudisha, ili aseme kwamba mwezi haukutimia. Siku hizo pia ziandikwe, na sababu aliyopewa. Ujumbe wa pesa kwa simu usifutwe. Sheria inataka ajira ya miezi 3 au zaidi iwe na mkataba wa maandishi, na kifungu cha 10 kinasema kesi ikifika na mwajiri hana karatasi hiyo ya kuonyesha, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti unayoyadai ni wake yeye, si wako.

Juu ya jalada la daftari aandike jina lake kamili, na chini yake aandike: Mfanyakazi. Madaftari yaletwe ofisini kwa tawi siku 10 kabla ya mkutano ujao, ili tuhesabu ni wangapi wamepita mwezi mmoja.